Bonyeza Baadaye

"Mabibi na mabwana, wafanyakazi wa vikombe, ngao na medali, na ninyi nyote mliofika bila kualikwa," alisema Waziri akiwa amesimama juu ya stuli, mkono mmoja kifuani, "asubuhi hii ya kihistoria ninayo heshima kubwa kuwatangazia kwamba kompyuta ya duka hili imeingia zama mpya. Imeingia kwa hiari yake, bila kushawishiwa na mtu yeyote. Naomba tuipigie makofi."

"Shuka kwenye stuli," alisema shangazi yake. "Ina mguu wa kuazima."

Waziri alishuka. Ni kweli kwamba stuli ile ilikuwa na miguu mitatu ya kuzaliwa nayo na mmoja wa mti wa ufagio. Ilivunjika likizo iliyopita, siku ambayo, kwa bahati mbaya sana, hapakuwa na mtu karibu nayo.

Makofi hayakupigwa. Aliyefika bila kualikwa alikuwa Babu peke yake, naye alikuwa bado anapambana na mkono wa koti lake la kahawia.

Huyu Waziri hakuwahi kuteuliwa na serikali yoyote. Jina hilo alilipata shule ya bweni, ambako alikuwa na kipaji cha kutangaza mambo madogo kwa sauti kubwa: kwamba maji ya kuoga yamekatika, kwamba soksi moja ya kijani imeokotwa na inamtafuta mwenzake. Alikuwa na vipaji vingine pia, ambavyo walimu walivipa majina yasiyopendeza. Likizo zote alizimalizia dukani kwa Shangazi. Si kwamba duka lilimhitaji. Mama yake ndiye aliyeona kwamba mkorofi mwenye kazi ni nafuu kuliko mkorofi mwenye nafasi.

Duka lenyewe lilikuwa jembamba na refu, lenye harufu ya mafuta ya mashine. Ukuta mmoja ulikuwa na rafu za vikombe vya ushindi ambavyo bado havijapata washindi, vimepangwa kwa urefu kama wanafunzi mstarini. Mwisho kabisa, ndani ya sanduku la kioo, ilikaa mashine ya kuchonga maandishi, na kompyuta iliyokuwa kando yake ndiyo iliyoielekeza sindano ya mashine ipite wapi. Vumbi la shaba lililodondoka lilikuwa na ufagio wake maalumu, kwa sababu lilipenda kukaa kwenye nywele za watu na kung'aa mpaka jioni, na Shangazi hakutaka wateja wadhani anatoka harusini.

Duka hilo lilikuwa na sheria moja iliyozishinda zote. Kila asubuhi kompyuta ilipowashwa ilileta ujumbe kwamba mfumo mpya uko tayari kuwekwa, na chini ya ujumbe kulikuwa na vitufe viwili: Sasa na Baadaye. Sheria ilisema: bonyeza Baadaye. Mvua inyeshe, jua liwake, wewe bonyeza Baadaye. Kazi hiyo alikabidhiwa Babu, baba yake Shangazi na mwanzilishi wa duka, naye aliifanya kama mtu anayefungua mkutano wa mataifa. Alivaa miwani, akakunja mkono wa shati, akashika kipanya, akasema, "Baadaye, mwanangu," ndipo akabonyeza. Kabla ya hapo, hata kama mlango uko wazi na mteja yumo ndani, duka lilihesabiwa kuwa limefungwa.

Ilikuwa ndiyo kazi pekee iliyobaki mikononi mwake. Zamani Babu alichonga kwa mkono: majina ya timu, ya mabingwa, ya madaktari kwenye vibao vya milango. Mikono ilipoanza kutetemeka, alikaa na muuza programu msimu mzima wa mvua, akazichora herufi zake zote humo ndani, moja baada ya nyingine, ili sindano iandike kama yeye. Herufi hizo hazikuwepo mahali pengine popote. Ukiiona M yake huisahau: imetanua miguu kama golikipa anayesubiri penalti.

Na sasa zilikuwa na kazi kubwa. Juu ya meza, ndani ya kitambaa laini, ililala ngao ya shaba iliyoagizwa na hospitali. Jumamosi wauguzi wangemuaga mkunga wao anayestaafu, na mkunga huyo hakuwa mwingine ila Bibi, mke wa Babu. Muuguzi mkuu alileta maneno ya kuandikwa: *Kwa mkunga wetu. Mikono yako ndiyo ya kwanza tuliyoijua.* Babu aliyasoma, akapenga kamasi, akasema, "Hii naandika mimi." Kila mtu alielewa maana yake. Bibi alizijua herufi zile tangu usichana, tangu Babu alipomchongea jina lake kwenye mpini wa kijiko badala ya kumwandikia barua kama watu wengine.

Shangazi alivuta kiti, akafungua programu ya kuchonga. Haikufunguka. Akaibonyeza tena, safari hii kwa kidole chenye hasira. Kikatokea kisanduku cheupe chenye maneno machache: programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye mfumo huu.

"Mfumo upi?" Shangazi aliuliza.

"Wa zama mpya," alisema Waziri, kwa sauti iliyopungua vyeo kadhaa.

"Kompyuta haijiingizi zama zozote. Mtu amebonyeza Sasa."

Babu, ambaye mkono mmoja ulikuwa bado kotini, alikiangalia kidole chake cha shahada kana kwamba kimemtukana mbele za watu.

"Jana asubuhi nilibonyeza mimi," alisema taratibu. "Na miwani ilikuwa na ukungu."

Hapa ni lazima haki itendeke, walau kwa msomaji. Jana asubuhi Babu alibonyeza Baadaye, katikati kabisa ya kitufe. Waziri alikuwa nyuma yake na aliona kwa macho yake mawili. Aliyebonyeza Sasa alikuwa Waziri mwenyewe, baada ya chakula cha mchana, Shangazi akiwa amepeleka medali kwa wenyewe na Babu akiwa amelala kwenye kiti chake, mdomo wazi.

Nia yake ilikuwa njema, kwa kipimo cha bwenini. Daktari alikuwa amempimia Babu kijiko kimoja cha sukari kwa kikombe. Babu alikubali mbele ya daktari, na kila saa kumi alitia vitatu. Waziri alisikia kwamba mfumo mpya una sauti ya kusoma maandishi, na kwamba sauti hiyo inaweza kupangiwa saa ya kusema. Akawaza jinsi itakavyopendeza kompyuta ikimkemea Babu yenyewe, kwa jina, katikati ya kijiko cha tatu. Wazo kama hilo likikuingia kichwani halitoki kwa maji wala kwa sabuni. Mfumo ulipomaliza kujipanga, ulisema nafasi ya kuweka sauti haitoshi, ukauliza kwa adabu kama unaweza kufuta ule wa zamani. Waziri alijibu Ndiyo, kwa ukarimu wa mtu anayegawa mali isiyo yake. Kisha akaandika maneno yake, akayawekea saa kumi ya kila siku kuanzia kesho yake, na Babu alipozinduka akaambiwa kwamba kompyuta inajisafisha. Shangazi alipitiliza nyumbani kutoka huko huko, kwa hiyo hakuna aliyejua lolote mpaka asubuhi ya hotuba.

Programu ya kuchonga Waziri hakuikumbuka hata kidogo.

"Si lazima iwe wewe, Babu," alisema sasa.

"Basi nani?"

Waziri alifungua mdomo. Ukweli ulifika mpaka kwenye meno, ukaona watu ni wengi, ukarudi.

"Mfumo," alisema.

*

Fundi wa kompyuta mtaani aliitwa Kesho, kwa sababu ya ahadi zake. Siku hiyo alipigiwa simu na akafika siku hiyo hiyo, jambo lililomtisha Shangazi kuliko tatizo lenyewe.

Alikuja na kisanduku chake cha vipimo, akatafuta pa kukichomeka, akachomoa waya wa spika za kompyuta na kuuacha ukining'inia. Halafu alikaa mbele ya skrini na kutikisa kichwa kama daktari anayetaka familia ijiandae.

"Mama, nikueleze kwa lugha nyepesi. Mfumo ni mwenye nyumba. Programu ni mpangaji. Amekuja mwenye nyumba mpya, amebadilisha vitasa vyote. Mpangaji wako ni wa siku nyingi, funguo zake haziingii."

"Mrudishe mwenye nyumba wa zamani," alisema Shangazi. Alivaa aproni yenye mifuko iliyojaa skrubu, na alipokasirika zililia.

"Hapo ndipo penye maajabu. Kwa kawaida mwenye nyumba wa zamani huwekwa chumba cha uani kwa muda, watu wakijuta wamwite. Sasa nenda uani hapa." Akagusa skrini. "Peupe! Pamefagiliwa. Mtu amemfuta."

"Nalo hilo nimebonyeza mimi?" aliuliza Babu.

"Kidole kikiteleza mara moja, Mzee, huteleza na ya pili."

Waziri aliona ghafla kwamba vikombe vya rafu ya juu vina vumbi, akageuka kuvifuta.

"Huwezi kuweka ule wa zamani upya?" Shangazi aliuliza.

"Nikiuweka utafuta vyote vilivyomo, na programu imo. Diski ya kuirudisha mnayo?"

"Aliyetuuzia alifunga biashara akahamia kwa mwanawe. Diski ya programu hatukupewa, aliiweka mwenyewe akaondoka nayo."

"Basi nunueni programu ya kisasa. Ina herufi za kila namna. Nyembamba, nene, za kulala, za maua. Mzee atachagua."

Babu alisimama. Si mrefu, lakini alisimama kwa muda mrefu.

"Kijana," alisema, "mke wangu akiletewa ngao yenye herufi za maua, ataniuliza ni nani huyo amemwandikia."

Fundi Kesho alicheka. Alipoona hakuna mwenzake wa kucheka naye, akafunga kicheko kama mwavuli.

Asubuhi iliyofuata, ambayo ilikuwa Alhamisi, Babu alifika dukani akiwa nyuma ya Shangazi. Hilo halijawahi kutokea. Alitoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya meza mbele ya binti yake.

"Fungua wewe kuanzia leo."

"Baba, ni kitufe tu."

"Ni kitufe tu, ndiyo. Nami nimeshindwa kitufe." Akavua miwani, akaitia kwenye mfuko wake wa ngozi, akaufunga. "Mkono umesema umechoka. Ningeusikiliza mapema tusingefika hapa. Waambie hospitali waandike kwa rangi."

Akaenda kukaa kwenye kiti chake, mikono imefichwa kwapani kama ya mtu mwenye baridi, na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma.

Waziri alikuwa amewahi kula adhabu nyingi katika maisha yake mafupi. Alishapiga magoti, alishafyeka nyasi, alishasimama mbele ya paredi na ubao shingoni. Zote alizimeza bila maji. Hii ya kumtazama mzee ameficha mikono yake ilikataa kushuka.

*

Alivuta stuli mpaka karibu na Fundi Kesho, akakaa upande wa miguu ya kuaminika.

"Fundi, programu inajuaje kwamba mwenye nyumba ni mpya?"

"Inauliza. Ikiamshwa tu inauliza, wewe ni mfumo gani? Mfumo unajitaja. Programu haijawahi kulisikia jina hilo, inafunga mlango."

"Mfumo unajitaja jina lake la kweli?"

"La kweli."

"Unaulizwa mlangoni, unasema kweli?" Waziri alishika kichwa. "Umelelewa wapi?"

Fundi alijikuna kidevu. "Kuna mahali pa kuuambia ujifanye wa zamani. Nilikusudia kujaribu kesho. Lakini mara nyingi haisaidii."

"Kwa sababu watu wanadanganya ovyo," alisema Waziri kwa uchungu wa mtaalamu. "Fundi, kule bwenini mlinzi wa geti alikuwa akiuliza kwenye giza, nani huyo? Ukijibu 'ni mwalimu' hafungui, walimu ni wengi, atauliza yupi. Ukikohoa kama matroni, anafungua na anaomba radhi. Si uongo wowote unaofaa. Ni ule ambao mlinzi anautarajia."

"Na wewe ulikuwa unakohoa?"

"Nilisimuliwa."

Walifungua orodha ya majina ambayo mfumo ungeweza kujifanya. Ilikuwa kama ukoo: baba, babu, baba wa babu. Fundi alichagua la karibu kabisa. Programu ikakataa. Akachagua lililofuata, ikakataa, tena kwa maandishi mekundu.

"Mzee zaidi," alisema Waziri. "Programu hii haijawajua hawa vijana. Shangazi! Wakati Babu anachora herufi zake, kompyuta ilikuwaje?"

"Ilikuwa nene kama jiko," Shangazi alijibu kutoka mbele. "Na ilipowaka ilionyesha mawingu."

"Mawingu!" Fundi Kesho alipiga paja. Akashuka chini kwenye ukoo, kwa mababu walioanza kusahaulika, akachagua wa mawingu, akabonyeza.

Skrini ilifikiri. Ikafikiri tena. Halafu dirisha la kijivu, baya, lenye pembe za kizamani, likajitandaza kama mkeka, na ndani yake zikasimama herufi zote za Babu mstarini. M ilikuwepo, imetanua miguu, inasubiri penalti.

Shangazi alipiga kigelegele mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma. Fundi Kesho alimpa Waziri mkono kama mtu anayempongeza mwenzake wa kazi. Babu aliinua macho tu kutoka kitini.

"Zipo?"

"Zote, Babu!"

"Basi zihifadhini," alisema, na hakunyanyuka.

Furaha haikuzeeka, maana walipoiamuru mashine iandike, sindano haikutikisika. Fundi alieleza kwamba kompyuta na mashine hazisemi lugha moja. Kati yao kulikuwa na mkalimani, programu ndogo ya kuwapatanisha, naye ametimuliwa pamoja na mwenye nyumba. Kila mashine huja na mkalimani wake kwenye diski.

"Diski ya mashine tulipewa," alisema Shangazi, skrubu zikilia kwa matumaini. "Naikumbuka. Ya fedha, ina tundu katikati. Ilikuwa..."

Macho yake yalikuwa yamefika kwenye kijimeza kando ya kiti cha Babu, ambako kikombe cha chai kilikaa juu ya kitu cha mviringo kinachong'aa.

"Baba. Umeweka kikombe juu ya nini?"

"Juu ya kiwekeo changu."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipoacha kukitumia," alisema Babu. "Nilidhani ni cha kikombe. Kina tundu la kupitishia moto."

Diski ilikuwa na duara juu ya duara za chai, kama mti uliokatwa. Waziri aliiosha kwa sabuni, akaikausha kwa kitambaa cha miwani ya Babu, na kompyuta ikaila ikikoroma. Mkalimani naye aliuliza mlangoni, wewe ni mfumo gani? Wakamwambia: wa mawingu. Akaingia bila swali la pili.

"Sasa tuna waongo wawili humu ndani," alisema Shangazi kwa furaha.

Waziri alihesabu kimya kimya, akapata watatu.

*

Ijumaa mchana waliifungua ngao kutoka kwenye kitambaa, wakaibana ndani ya sanduku la kioo. Kila kitu kilikuwa tayari. Shangazi alimwita baba yake aje abonyeze kitufe cha kuanza.

"Abonyeze Waziri," alisema Babu.

"Kazi ni yako, Baba."

"Mkono huu umeshaharibu vya kutosha wiki hii."

Ikabidi Waziri abonyeze. Kitufe hakikuwa na uzito wowote, lakini kidole chake kilihisi kama kinasukuma kabati. Sindano ikashuka, shaba ikalia, na vumbi la dhahabu likaanza kuruka. *Kwa mkunga wetu.* Polepole Babu alisogea. Kwanza kiti, kisha shingo, mwishowe alikuwa amesimama, pua yake karibu na kioo, akitazama herufi zake zikizaliwa moja moja.

"Haisemi ting," alinong'ona. "Ikimaliza mstari huwa inasema ting. Ting imekwenda wapi?"

"Spika zimechomolewa, Mzee," alisema Fundi Kesho, ambaye siku hizi alikuwa anakuja kila siku na hakuna aliyejua kwa nini. "Ni mimi, siku ile. Chomeka hapo."

Babu aliinama, akauokota waya uliokuwa ukining'inia, na kwa jitihada mbili tatu akauchomeka mahali pake. Sindano ilimaliza nukta ya mwisho, ikapanda juu.

*Ting!*

Wote wakacheka, hata Babu, kicheko kidogo cha pembeni. Shangazi aliitoa ngao, akaipuliza. Alitoa thermos, maana ilikuwa saa ya chai, akamimina vikombe vinne. Babu alivuta kopo la sukari. Kijiko cha kwanza. Akatazama ngao kwa mapenzi. Kijiko cha pili. Akatazama kando kuona nani anaangalia. Kijiko cha tatu kikainuka.

Ikagonga saa kumi.

"Tahadhari," ilisema kompyuta, kwa sauti nzito isiyo ya mtu, iliyosoma Kiswahili kama mguu mtupu juu ya kokoto. "Mabibi na mabwana. Mzee mwenye koti la kahawia. Weka kijiko chini. Hicho ni cha tatu. Daktari amekuona, na Bibi ameshaambiwa. Naomba tumpigie makofi."

Kijiko kiliganda hewani, kikimwaga chembe moja moja. Fundi Kesho aliangalia dari. Shangazi hakuangalia dari. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeomba makofi namna ile, naye alikuwa akijaribu kuingia ndani ya kikombe chake cha chai.

"Fundi," alisema Shangazi, bila kumwachia Waziri macho. "Sauti hiyo ilikuwepo kwenye mfumo wa zamani?"

"Haikuwepo, Mama. Ni ya huu mpya."

"Ahaa. Kwa hiyo Waziri alikuta mfumo umeshabadilika, akaona bora acheze. Ndivyo?"

Mlango ulikuwa wazi. Waziri aliuona vizuri. Neno moja tu, "ndivyo", lingemtoa nje salama na hukumu ndogo ya utani, pengine hata kicheko. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ndefu, pana, imetiwa lami, na ina taa pande zote mbili.

Lakini Babu alikuwa amekirudisha kijiko koponi kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia alikuwa ameshaurudisha kwapani.

Waziri aliweka kikombe chini. Alipanda kwenye stuli kwa mazoea, akaona haifai, akashuka.

"Mabibi na mabwana," alianza, akakatiza. Akaanza tena bila wao. "Babu, hukubonyeza Sasa. Ulibonyeza Baadaye. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, nikakuona. Aliyebonyeza Sasa ni mimi, ulipokuwa umelala. Na mfumo wa zamani nimeufuta mimi, nilitaka nafasi ya hiyo sauti. Halafu nikakuacha useme ni wewe."

Nje mtu alikuwa akiburuta mlango wa bati wa duka la jirani. Babu alitoa mkono kwapani, akaunyoosha mbele, akaugeuza juu na chini. Ulikuwa unatetemeka kama kawaida yake, si zaidi wala si pungufu.

"Nilibonyeza Baadaye?"

"Katikati kabisa, Babu."

"Na ukungu wote ule kwenye miwani?"

"Na ukungu wote."

Babu akamgeukia binti yake. "Nipe funguo zangu," alisema. "Na ile patasi ndogo, ya mpini mweusi."

Alivaa miwani, akakunja mkono wa shati. Aliilaza ngao kifudifudi, na nyuma yake, mahali ambapo wauguzi wasingetazama lakini Bibi angetazama kwanza, alichonga M moja kwa mkono wake. Ilichukua muda. Mguu mmoja ulitoka umepinda kidogo, kama golikipa aliyeruka upande wenyewe.

"Huyu kaidaka," alisema, akaipuliza.

Kisha akamtazama mjukuu wake juu ya miwani, kwa macho ya mtu ambaye bado hajaamua kama atacheka kwanza au atagomba kwanza. "Wewe. Kuanzia kesho mpaka shule ifunguliwe, vumbi la shaba ni lako. Na ufagio ule mdogo."

"Ndiyo, Babu."

"Na hiyo sauti ifute."

"Ndiyo, Babu."

"Bibi ameambiwa kweli?"

"Bado."

"Basi hilo libaki baadaye," alisema Babu haraka, akavuta kikombe chake.

Shangazi alikuwa hajaondoa macho. Alikunja mikono juu ya mifuko yake ya skrubu.

"Kwa kuwa mlango umefunguka," alisema, "kuna lingine ungependa kutuambia, Mheshimiwa?"

Waziri alitazama vikombe vya rafuni, na Fundi Kesho, na sindano ya mashine. Hakuna aliyemsaidia. Mwishowe akatazama chini, akashusha pumzi.

"Ni kuhusu huo mguu wa stuli," alisema.